Kipimo cha Mtoto Mchanga Kijaribiwe Kwetu Kwanza

Ndugu zangu wa Masisi na Walikale, huku Kivu Kaskazini, mtu akija na karatasi ya kupima akili na viungo vya mtoto mchanga, tumwulize kwanza: kipimo hiki kilijaribiwa kwa watoto wa nani?

Kipimo cha Bayley, kinachosifika sana, kilitolewa Marekani mwaka 1969. Mtoto hutazamwa akipanga vibao, akifunua kitabu cha picha, akipanda ngazi. Sasa mchukue mtoto wa Kitshanga aliyezaliwa kambini, chini ya turubai. Ngazi ataijulia wapi? Kitabu chenyewe pengine atakishika kwa mara ya kwanza siku hiyo hiyo anayopimwa. Kutwa yuko mgongoni, amefungwa kitenge, kwa kuwa chini ni tope na baridi ya milimani. Akikawia kutambaa, karatasi itamwandika kuwa amepungukiwa. Kumbe Shirika la Afya Duniani lilipotoa matokeo ya utafiti wake mwaka 2006, uliofanywa kwa watoto wa Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani, lilionyesha kuwa wapo watoto wenye afya njema wasiotambaa kwa magoti kamwe, na wakatembea.

Huko Kokwet, Kenya, miaka ya 1970, mtafiti Charles Super aliwakuta akina mama wa Kipsigis wakimchimbia mtoto kishimo, wakamketisha humo akiwa ameegemezwa, hata mgongo ukazoea. Watoto wale waliketi na kutembea mapema kuliko wa Marekani. Katika kutambaa, jambo ambalo wengi hawakufundishwa, hawakuwatangulia. Ni malezi hayo!

Je, tutupe vipimo vyote? Hasha. Mtoto aliyeponea utapiamlo, au aliyezaliwa akachelewa kulia, hana budi kutambuliwa mapema, na vita vimetuachia wengi wa namna hiyo. Kumwambia mama yake "ataanza tu" ni kumpotezea mtoto miaka. Kilifi, huko huko Kenya, wameonyesha njia: watafiti Amina Abubakar, Penny Holding na wenzao walitunga kipimo cha hapo hapo, kikatolewa mwaka 2008, chenye vitu ambavyo mtoto wa pale anavifahamu. Malawi nao wakatoa chao mwaka 2010.

Basi wauguzi wetu, msiandike "amechelewa" kabla ya kumwuliza mama, kwa Kiswahili, Kihunde au Kinyarwanda, mtoto hufanya nini nyumbani. Na ninyi wenye mashirika, kaeni na akina mama wa hapa, wapimeni kwanza watoto wazima wa hapa, ndipo mtuambie nani amechelewa.