Owari no Seraph: Wale Watoto Mmewaacha Wapi?

Najua nimekuwa kimya, UE ndizo zilinibana. Sasa niko likizo nyumbani Busisi, na leo siongelei bumu wala matokeo. Naongelea katuni. Nimemaliza epsodi zote 24 za Owari no Seraph, ile ya vampaya na mwisho wa dunia ambayo pale hosteli imezunguka kwenye flashi kuliko desa la saikolojia ya elimu, na nasema bila kupepesa macho: imenikera.

Ingekuwa mbovu tangu mwanzo ningeifuta nikalala zangu. Imenikera kwa sababu ilianza na jambo zito kweli kweli, halafu ikalitupa njiani kama ganda la muwa.

Onyo kwa ambao hawajaangalia: nasimulia mpaka mwisho. Msije mkanilaumu.

Kwa faida ya wageni, hadithi ni ya Takaya Kagami, michoro ni ya Yamato Yamamoto, na ilianza kutoka kwenye jarida la Jump Square huko Japani mwaka 2012. Studio ya Wit, walewale waliotutolea Attack on Titan mwaka 2013, wakaifanyia anime mwaka 2015: epsodi 12 kuanzia Aprili, na nyingine 12 kuanzia Oktoba. Kirusi kinalipuka, watu wazima wanadondoka barabarani kama nzi. Wanaopona ni watoto wadogo. Vampaya wanatoka ardhini, wanawakusanya wale watoto na kuwapeleka kwenye mji wa chini kwa chini unaoitwa Sanguinem. Huko wanapewa chakula na pa kulala, na malipo yake ni damu. Tena vampaya hata hawawaiti watoto. Wanawaita mifugo.

MIFUGO jamani! Sisi wa Usukumani tunajua maana ya neno hilo. Ng'ombe hachukiwi na mtu. Anapewa jina, analishwa, akiumwa anatafutiwa dawa, usiku analazwa zizini ili fisi asimguse. Na siku yake ikifika anachinjwa, na mwenye kuchinja ni huyohuyo aliyemlaza zizini. Ndiyo maana mimi lile neno lilinitisha kuliko yale meno. Vampaya wa Sanguinem hawana hasira na wale watoto. Wanawatunza tu.

Basi, ndani yumo Yuichiro, stelingi wetu, na mwenzake Mikaela, pamoja na wadogo zao kutoka kituo kimoja cha yatima. Mika anampelekea bwana mkubwa mmoja wa vampaya, Ferid, damu yake mwenyewe, apate chakula kizuri cha kuwalisha wadogo zake, na huko huko anaiba ramani ya kutorokea. Wanatoroka usiku. Wanafika mlangoni kabisa, kumbe Ferid anawasubiri hapo hapo. Ile ramani ilikuwa mchezo wake. Anawaua wale wadogo mmoja mmoja huku anatabasamu. Yu peke yake ndiye anatoka nje, kwenye theluji, analia.

Yote hayo ni epsodi ya kwanza. Nilikaa kimya dakika nzima kabla ya kubonyeza ya pili.

Halafu ya pili ikaja... tuko shuleni. Imepita miaka minne, Yu ana sare ya shule, na tatizo kubwa la hadithi sasa ni kwamba kamanda wake, Guren, hamruhusu kwenda vitani mpaka ajifunze kupata marafiki. Kuna msichana mchokozi wa kumtania, kuna kijana mpole anayeonewa, kuna jamaa wa miwani anayejifanya mgumu. Kha! Wale watoto tumewazika jana tu, leo tunachekeshwa?

Na hapo ndipo ilipobaki. Wanapata silaha zenye mashetani ndani yake, wanakwenda Shibuya, wanakwenda Shinjuku, msimu wa pili wanakwenda Nagoya. Kila bwana mkubwa wa vampaya anatambulishwa kwa cheo chake na mwanzilishi wa ngapi, utadhani tunasomewa orodha ya wageni waalikwa harusini. Mwanzoni tuliambiwa kirusi kimeua kila aliyezidi miaka 13. Sasa Guren na wale wakubwa wa jeshi wametokea wapi? Jibu liko kwenye vitabu vingine vinavyoeleza maisha ya Guren alipokuwa na miaka 16. Yaani nimetazama epsodi 24 halafu natumwa dukani kununua jibu.

Mwenzangu wa rumu aliniambia, "Wewe unakuza mambo, ile ni katuni ya kupigana." Sawa. Kama ni kupigana, naikubali. Muziki una mkono wa Hiroyuki Sawano, yuleyule wa Attack on Titan, na akipiga zile ngoma zake hata mtu anayeosha vyombo anasimama. Miji iliyoachwa imechorwa vizuri, magari yameota majani, unaona kabisa dunia imenyamaza. Ila mimi sikuomba niletewe watoto kwenye zizi. Wao ndio waliwaleta. Ukimleta mtoto kwenye hadithi yako ukamfungia, una deni naye.

Hapa nyumbani nimeirudia upya na wadogo zangu na watoto wa jirani. Jioni umeme ukiwepo wanajaa sebuleni, mimi nakuwa Lufufu wao, natafsiri kwa mdomo, kila vampaya nampa sauti yake. Tulipofika kama epsodi ya tano, kabinti kamoja ka darasa la tatu kakauliza: "Dada, na wale wengine waliobaki kule chini, nani anaenda kuwatoa?"

Nikamwambia tusubiri tuone. Lakini mimi tayari nilishajua jibu. HAKUNA. Katika epsodi zote 24 hakuna safari ya kurudi Sanguinem kufungua lile zizi. Mji ule tunauona tena, ila ni kwa ajili ya Mika, ambaye kumbe hakufa, malkia Krul alimgeuza vampaya, pamoja na siasa zao za kifalme. Yu kila siku anapiga kelele kwamba atawaua vampaya wote, anataja familia yake iliyokufa, sawa, ana uchungu. Waliobaki hai hana muda nao. Mtoto wa darasa la tatu ameona shimo ambalo waandishi hawakuliona, au waliliona wakalifunika.

Sasa niwaambie kwa nini mimi jambo hili siwezi kulipitia juu juu.

Mwaka 2015, wakati Wajapani wanaitazama hii anime kwa mara ya kwanza, mimi nilikuwa darasa la tano, umri uleule wa Yu. Desemba 2014, hapa hapa mkoani Mwanza, wilayani Kwimba, mtoto wa kike wa miaka minne mwenye ualbino alichukuliwa usiku nyumbani kwao, hakuonekana tena. Januari 2015 serikali ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Februari 2015, Chato mkoani Geita, mtoto wa mwaka mmoja akanyakuliwa, akakutwa ameuawa, viungo vimekatwa. Waliofanya hivyo walikuwa watu tu, wenye meno kama yetu, wanaoamini mkono wa mtoto utawaletea mali.

Darasani kwetu tulikuwa tunakaa watatu dawati moja. Mmoja wetu alikuwa na ualbino, fundi wa hesabu, alikuwa ananipa majibu kwa kugonga kalamu. Mwezi wa pili baba yake akaja kumchukua saa nne asubuhi. Tukasikia amepelekwa bweni, mbali, kwenye uzio na mlinzi. Hatukuagana.

Siku hizi nikipita daraja hili jipya la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, namkumbuka, kwa sababu ng'ambo ile, wilayani Misungwi, iko Shule ya Msingi Mitindo, ambayo imelea watoto wengi wenye ualbino pamoja na wenye ulemavu mwingine. Namshukuru Mungu kwa shule za namna hiyo. Lakini fikirieni: mtoto analala ndani ya uzio, anapewa chakula, anahesabiwa asubuhi na jioni, kisa mwili wake una bei. Uzio wa Sanguinem umejengwa na wanaotaka damu. Uzio wa mwenzangu ulijengwa kuwazuia. Tofauti ni kubwa mno, ila kwa mtoto wa miaka 11 anayetaka kwenda ziwani kuogelea na wenzake, uzio ni uzio. Na wala haya siyo ya zamani. Mei 2024, Muleba mkoani Kagera, mtoto wa miaka miwili alichukuliwa nyumbani kwao, Juni mwili wake ukapatikana.

Kwa hiyo mtu akinionyesha watoto walioitwa mifugo, nakaa chini nisikilize. Nataka kujua wanaongea nini usiku wakiwa peke yao. Nataka kujua anayetoka anaishije na wenzake aliowaacha, na anayebaki anamfikiriaje aliyetoka. Hayo ndiyo maswali ya epsodi ya kwanza. Mkanijibu kwa mapanga.

Kinachouma zaidi ni kwamba hawa jamaa walikuwa na jibu mkononi. Tunakuja kugundua kile kituo cha yatima alikotoka Yu kilikuwa cha kufanyia watoto majaribio, na waliokuwa wanafanya ni binadamu. Yule jamaa wa miwani, Kimizuki, aliingia jeshini ili mdogo wake mgonjwa apate matibabu. Mwishoni kabisa, Nagoya, jeshi lile lile linamtumia huyo mdogo wake kama silaha, na askari wao wenyewe wanatolewa kafara. Yaani waliokuokoa zizini wana zizi lao! Hilo ndilo lilikuwa kiini cha hadithi, wadau. Wakaliweka dakika za lala salama, epsodi ya 24 ikaisha mambo yakiwa hewani, Desemba 2015, na mpaka leo naandika msimu wa tatu sijauona.

Nisiwe mchoyo, kuna kitu kimoja nimewapenda nacho. Mika akinywa damu ya mtu macho yake yanageuka mekundu, ndiyo basi tena, ameshakuwa vampaya kamili. Na Yu anamwangalia yale macho na bado ni ndugu yake. Huku kwetu vikongwe wangapi wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoivishwa na moshi wa jikoni miaka hamsini? Pale nilitulia nikasema, haya, hapa mmesema kitu. Baada ya muda si mrefu tukarudi kwenye mapanga.

Anayesema haiwezekani kukaa na watoto muda mrefu bila hadithi kuboa, nampa The Promised Neverland, msimu wa kwanza, mwaka 2019. Nao ni yatima wanaofugwa waliwe. Wale walichukua epsodi 12 nzima kupanga kutoroka, bila upanga hata mmoja, na hukohuko wakabishana swali la kabinti kangu: tuondoke wachache, au hatutoki mpaka na wadogo? Swali moja tu, mpaka unang'ata kucha. (Msimu wa pili wa 2021 waliuharibu, huo nao iko siku nitausemea.)

Mwakani naanza mazoezi ya kufundisha. Nitakabidhiwa darasa, na katika darasa hilo anaweza kuwepo mtoto ambaye mzazi wake anaangalia saa kila akichelewa kurudi. Sitegemei katuni ya Kijapani inifundishe ualimu. Ila hadithi tunazowapa hawa watoto zinawaambia nani wa kuhesabiwa na nani wa kusahaulika. Owari no Seraph iliwahesabu wale watoto vizuri sana, ikawapa mpaka majina, halafu ikaondoka na aliyejua kushika panga.

Mashabiki wa Guren najua mnakuja na marungu, karibuni, nipo. Ila mkija, mje na jibu la yule binti. Mimi bado sina cha kumwambia, na kila jioni ananiuliza tumefika epsodi ya ngapi.

Nawasilisha.