Sheria Imefungua Mlango, Kijana Aingie Vipi?

Mwaka 2019 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 na kushusha umri wa kupima VVU bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Kwa wilaya za Mbinga na Nyasa, mabadiliko hayo yana uzito wa pekee. Katika milima ya Umatengo, msimu wa kahawa huleta fedha za haraka pamoja na vibarua na wanunuzi wageni. Ufukweni, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, wavuvi huhama wakifuata samaki, na binti anayetafuta usipa wa kuuza humtegemea mwenye mtumbwi.

Kumwambia binti huyo asubiri ni ushauri mwema, lakini hautoshi. Anahitaji kujua mwili wake unavyofanya kazi, VVU vinavyoambukizwa, kondomu inavyotumika, na mtu wa kumwendea akilazimishwa. Akibakwa, dawa za kuzuia maambukizi huanzwa mapema iwezekanavyo, wala zisipite saa 72. Saa hizo huyoyoma pale kijana asipojua kuwa dawa zipo, au anapoogopa kuuliza.

Wapo wazazi wanaohofu kwamba kufundisha mambo haya ni kuwafungulia watoto njia. Hofu hiyo yastahili kujibiwa kwa heshima. Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018, uliotokana na mapitio ya tafiti nyingi, unaeleza kuwa elimu hii haiharakishi vijana kuanza ngono. Tena, jamii nyingi za kusini mwa Tanzania zilikuwa na jando na unyago. Kuwafunda vijana si jambo geni.

Sehemu kubwa ya kazi iko mikononi mwa mhudumu wa afya. Kijana wa miaka 16 akiulizwa mbele ya foleni amefuata nini, sheria itabaki karatasini. Anahitaji chumba cha faragha, huduma baada ya saa za masomo, na mhudumu atunzaye siri. Atakayekutwa na VVU aelezwe mapema kwamba akitumia dawa ipasavyo, na kipimo kikathibitisha kuwa virusi havionekani tena, hatamwambukiza mwenzi wake kwa ngono.

Mafunzo hayo yafike shuleni na kwenye kambi za wavuvi kabla ya msimu. Yakingoja mavuno yaishe, wapo watakaokuwa wamekwisha kuambukizwa.