Sindano Ndiyo Yenye Kosa, Si Mkono wa Mfanyi Kazi



Miaka michache iliyopita nilichomwa na sindano ya hospitali, nami sikuwa mgonjwa wala daktari. Nilikuwa mfagiaji wa zamu ya usiku katika hospitali moja ya huku ng'ambo, jina lake silitaji, nimeandikwa na kontrakta. Nilikuwa nashuka ngazi na mfuko mweusi wa taka, ukanigonga gotini, nikahisi kitu kama siafu. Kupandisha suruali, naona tone la damu. Nilipokwenda kwa msimamizi, neno lake la kwanza lilikuwa: "Kwani hukuangalia?"

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike. Niangalie nini ndani ya mfuko mweusi, saa nane ya usiku?

Nilipewa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, za siku 28, na kwa hilo namshukuru nesi wa zamu ile, kwani dawa hizo hazingojei: zikipita saa 72 mtu hapewi tena. Mke wangu nilimficha siku tatu. Siku ya nne akaniuliza mbona nimehamia mkekani.

Baadaye nilijifunza hesabu yenyewe. Katika watu 1,000 waliochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya UKIMWI, kama 3 hivi huambukizwa. Lakini homa ya ini ya aina ya B ni kali zaidi: kwa asiyechanjwa yaweza kufika watu 300 katika 1,000. Chanjo yake ipo, ni sindano tatu tu. Manesi wa kudumu waliitwa wakachanjwa. Sisi vibarua wa kontrakta, tunaobeba takataka za sindano hizo hizo, hatukuitwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2002 kwamba katika wafanyi kazi milioni 35 wa afya ulimwenguni, milioni 2 huchomwa kila mwaka. Je, hao milioni 2 wote hawakuangalia?

Ndugu zetu wa viwanda vya Changamwe watanielewa upesi. Zamani mtu akikatwa vidole na mashine ya kubana bati, tajiri alisema kibarua alikuwa anasinzia. Siku hizi mashine nzuri ina swichi mbili, moja huku na moja kule, nayo haiteremki mpaka mikono yote miwili iko juu ya swichi. Hata ukisinzia, vidole vyako haviko chini ya chuma. Hakuna aliyemfundisha mfanyi kazi kuwa malaika, walibadili mashine.

Mafundi wa vyombo vya hospitali wamefanya jambo hilo hilo kwa sindano. Wametengeneza chombo ambacho sindano yake imejificha ndani, na mdomoni mwake pana kitambuzi cha ngozi. Katika aina nyingine kitambuzi hicho hufanya kazi kama kioo cha simu zetu: mwili wa mtu ukigusa, umeme mdogo unabadilika, chombo kinajua kwamba hii ni ngozi. Hapo tu ndipo sindano hutoka. Ukikiinua, au kikiangushwa sakafuni, sindano haiko nje kumchoma mtu. Kipo kimoja kiitwacho easypod, cha kuwadunga watoto homoni ya kukua, ambacho hukataa kutoa sindano mpaka kimeguswa ngozi.

Sitawadanganya kwamba chombo cha namna hiyo kitakuja kesho katika dispensari ya Likoni au Kisauni. Kina betri, kina bei, na kimetengenezwa kwa mtu anayejidunga dawa ya ghali nyumbani, si kwa nesi mwenye foleni ya akina mama sitini na watoto wao. Lakini wazo lake halina bei: sindano isiwe wazi ila ikiwa kwenye ngozi ya mgonjwa. Wazo hilo linanunulika leo kwa njia za kawaida. Ziko sindano ambazo dawa ikiisha springi huivuta ndani ya bomba. Nyingine zina ala ya plastiki, nesi huisukuma kwa kidole gumba ikaifunika.

Hapa ndipo tusikubali kuzungushwa. Tukidai sindano salama tutaambiwa, "Mbona tumekwisha nunua?" Nao watatuonyesha mabomba ya kujifunga, yale yasiyoweza kutumika mara ya pili. Hayo ni mazuri sana. Mwaka 1999 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitaka chanjo zote zitolewe kwa mabomba hayo ifikapo mwisho wa 2003, na hapa jirani Kilifi, kiwanda cha Revital Healthcare kinayatengeneza. Lakini bomba la kujifunga linamlinda mgonjwa wa pili. Halimlindi mfagiaji, kwani ncha inabaki wazi vile vile. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitaja yote mawili, la kuzuia kutumiwa tena na la kumkinga mfanyi kazi. Tunataka yote mawili.

Kwingine haya hayakuja kwa huruma. Marekani sheria ya sindano ilipitishwa mwaka 2000 baada ya vyama vya wafanyi kazi kupiga kelele, na inamlazimu mwajiri kuwauliza wanaotumia sindano kabla ya kununua, na kuweka daftari la waliochomwa. Mwaka uliofuata ajali hizo katika hospitali zao zilipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Ulaya agizo la mwaka 2010 lilitokana na mapatano ya vyama vya wafanyi kazi na waajiri wa hospitali, nalo linakataza kurudisha kifuniko juu ya sindano iliyotumika. (Hapo nasi tujitazame. Nimewaona wenzetu wakifanya hivyo kila siku, kwa sababu sanduku la sindano liko mbali au limejaa.)

Kwetu sheria si tupu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kamati ya usalama mahali popote penye watu 20 au zaidi. Sheria ya Fidia ya mwaka huo huo inataka mwajiri aarifiwe ajali, hata kwa mdomo. Tangu 2013 hospitali zetu ziko chini ya kaunti, basi mwenye kununua sindano hayuko mbali.

Maoni yangu ni kwamba chama kiingize katika mapatano yajayo sindano zenye ala, chanjo ya ini kwa kila anayeshika taka hata akiwa wa kontrakta, na mfagiaji mmoja akae katika kamati ya kuchagua vyombo. Mkubwa mmoja alicheka niliposema hilo la mwisho. Lakini nesi anaijua sindano kwa dakika moja, na sisi tunaijua tangu kitandani mpaka kwenye gari la taka.

Kwa kazi hiyo tunahitaji hesabu yetu wenyewe. Mwanachama yeyote aliyechomwa, hata kama ni zamani, amletee katibu wa tawi lake tarehe, zamu, aina ya sindano, na mahali ilipokuwa: kitandani, sakafuni au mfukoni. Jina si lazima.