MASIZI YALETWAYO NYUMBANI

Hivi karibuni tulikwenda kumwamkia mzee mmoja, askari wa zimamoto aliyestaafu, pamoja na mkewe. Mzee huyu alifanya kazi siku zile ambapo vikosi vya zimamoto vya miji vilikuwa chini ya mabaraza ya miji, kabla ya Sheria ya mwaka 2007 iliyoliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Tulitaraji kusikia habari za ushujaa, nazo tulizisikia: kengele ya usiku wa manane, mpira wa maji uliowashinda nguvu watu wawili, mtoto aliyetolewa chumbani akiwa hai. Lakini neno lililotukaa moyoni alilisema Bibi: "Mume wangu aliuzima moto, nami niliufua."

Akatueleza kwamba kila arudipo mumewe, nguo zake zilikuwa nzito kwa masizi. Naye alizitia katika karai lile lile la nguo za watoto, akazisugua kwa sabuni ya mche hata maji yakawa meusi kama wino. Hapakuwa na mtu wa kumwonya. Siku hizo masizi yalihesabiwa kuwa uchafu tu, na vijana wengine waliyaona kuwa ni nishani.

Leo twajua zaidi. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza ya kuwa kazi ya kuzima moto husababisha saratani, likaiweka katika kundi la kwanza, liliko na uvutaji wa tumbaku. Sumu za moshi hushika katika nguo na ngozi, na nguo ikiingia nyumbani, sumu nayo imeingia.

Hatusemi haya ili kumtia mtu hofu. Twaomba mambo mawili. Kwanza, nguo za moto zifuliwe kituoni, zisivuke kizingiti cha nyumba. Pili, na hili latuhusu sisi makarani, kila moto aliouendea askari uandikwe katika faili lake: tarehe, mahali, na kilichoungua. Mzee wetu alipostaafu, faili lake lilikuwa na likizo zake zote na onyo moja la kuchelewa. Mioto aliyoizima haikuwamo hata mmoja. Mtu akiugua baada ya miaka 20, atathibitisha kwa nini? Ofisi haisomi makovu, husoma karatasi.

Wahenga walisema, mla ni mla leo, mla jana kala nini. Yatupasa kuangalia methali hii isiwe kanuni ya ofisi zetu.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021, soko kuu la Kariakoo lilipoungua, wazee hawa walikesha wakisikiliza habari. Bibi akauliza, "Nani atazifua nguo zile kesho?" Swali hilo twawaachia wenzetu wote walioshika kalamu.