Mbwa Hana Ushenzi

Yako maneno katika lugha ambayo kwa mazoea ubaya wake hausikiki tena masikioni. Mojawapo ni neno "shenzi" linapotamkwa juu ya mbwa. Mbwa aliyenunuliwa kwa fedha nyingi na kuletwa kutoka mbali huitwa mbwa wa kizungu. Yule aliyezaliwa nyuma ya jiko, ambaye mama yake na bibi yake walizaliwa papo hapo, huitwa mbwa koko au mbwa shenzi. Neno hilo si sifa ya mnyama. Ni hukumu, tena hukumu iliyokatwa bila ya shahidi hata mmoja kusikilizwa. Ni haki basi kesi hiyo ifunguliwe upya.

Shahidi wa kwanza na awe mbwa mwenyewe. Mtu asimame Rusumo, katika wilaya ya Ngara, pale mto Kagera unapoporomoka mpakani mwa Tanzania na Rwanda, na malori ya mizigo yanapovuka mpaka. Awatazame mbwa wapitao kando ya barabara. Ataona kimo cha wastani, manyoya mafupi yaliyolala, rangi ya udongo au ya kahawia, na mara nyingi weupe kidogo kifuani na miguuni. Ataona kifua chembamba, tumbo lililoingia ndani, miguu mirefu, pua iliyochongoka, masikio yanayosimama au kukunjika nusu, na mkia uliopinda kuelekea mgongoni. Katika mwili huo hapana kilichozidi. Ni mwili wa mnyama atembeaye mwendo mrefu juani na kushiba kwa kidogo.

Tabia yake inalingana na mwili wake. Hajipendekezi kwa mgeni. Hubweka akiwa mbali, hurudi nyuma hatua mbili, hutazama, hupima, kisha huamua. Baadhi ya watu huiita tabia hiyo woga. Lakini mnyama ambaye akiumia hana wa kumtibu hawezi kuutapanya ushujaa wake ovyo. Tahadhari ndiyo akili yake. Usiku, mwizi au fisi akaribiapo zizi la mbuzi, aghalabu yeye ndiye wa kwanza kujua na kuamsha watu. Na asubuhi malipo yake huwa ni teke.

Shahidi wa pili na aitwe kutoka ng'ambo. Katika mbwa wadogo wanaosifiwa sana duniani wamo wale waitwao teria. Jina hilo limetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya ardhi, kwa sababu kazi yao ilikuwa kuingia mashimoni na kumtoa mbweha. Mmoja wao huitwa Jack Russell, kwa jina la kasisi wa Kiingereza, John Russell, aliyezaliwa mwaka 1795 na kufariki mwaka 1883. Kasisi huyo alipenda uwindaji, na husimuliwa kwamba jike lililoanzisha kizazi chake alilinunua kwa mwuza maziwa. Mbwa hao ni wafupi, wana weupe mwingi ili wasidhaniwe kuwa mbweha wakati wa mawindo, na tabia yao ni kali: wepesi wa kubweka, wachimbaji, wakaidi, wasiojua kurudi nyuma. Hapana ubaya katika sifa hizo. Zote zilitokana na kazi.

Hapa ndipo swali linapozaliwa. Chama cha mbwa cha Uingereza kiliundwa mwaka 1873, lakini teria wa Jack Russell hakuandikwa katika daftari lake kama aina kamili mpaka mwaka 2016. Je, kabla ya mwaka huo alikuwa mshenzi? Siku ya mwisho ya mwaka 2015 alikuwa na miguu ile ile, sauti ile ile na ukaidi ule ule. Kilichoongezeka ni wino. Basi tofauti kati ya mbwa wa ukoo na mbwa shenzi haimo katika mbwa. Imo katika daftari, na katika heshima ya mtu mwenye kulishika.

Wako watakaojibu kwamba mbwa wa vijijini hana asili, kwa kuwa ni mchanganyiko wa kila namna. Hoja hiyo ilijibiwa mwaka 2009, wataalamu walipochapisha uchunguzi wa chembe za urithi za mbwa zaidi ya 300 wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Ilionekana kwamba wengi wao, hasa wa Uganda, si makombo ya mbwa wa Ulaya, bali ni kizazi cha mbwa wa kale wa Afrika. Mbwa wa Ngara na Biharamulo hawakuhesabiwa katika uchunguzi huo. Lakini Uganda inapakana na mkoa wa Kagera, na mbwa hawakungoja mipaka ichorwe ndipo wazaane. Anayemwita koko athibitishe kwanza.

Ushahidi wa tatu ni wa aibu zaidi. Mwaka 1895 waliletwa katika maonyesho ya mbwa mjini London mbwa wawili kutoka Kongo: wadogo, wenye manyoya mafupi, masikio yaliyosimama, makunyanzi usoni na mkia uliojiviringa. Waingereza, kwa kukosa jina la kuwapa, waliwaita teria wa Kongo. Hawakuishi, waliuawa na maradhi. Wengine walifikishwa Uingereza mwaka 1936, wakaonyeshwa mwaka 1937, na watu wakasongamana kuwatazama. Mbwa hao hawabweki kama wengine, bali hutoa sauti mfano wa wimbo, na huko kwao wawindaji huwavika kengele shingoni ili wajulikane walipo porini. Leo hupimwa kimo kwa rula, huuzwa kwa bei kubwa, na huandikiwa vyeti. Na jina lao katika vyeti hivyo ni Basenji, neno ambalo ni ndugu wa "washenzi". Mgeni alilitwaa tusi akalifanya cheo. Mwenyeji alibaki na mbwa wa aina ya jamaa zao, akabaki pia na tusi.

Haisemwi hapa kwamba mbwa wa Rusumo ni Basenji. Huyo ana umbo lake na huyu ana lake. Wala haisemwi kwamba mbwa wa kigeni afukuzwe. Linalosemwa ni kwamba kila mnyama hupimwa kwa kazi yake na mahali pake. Biharamulo imejulikana tangu zama za ukoloni kwa mbung'o wenye kuleta malale, na kupe hawakosekani. Mbwa aliyelelewa katika baridi ya Ulaya huingia katika nchi hiyo kama mgonjwa mtarajiwa. Yule ambaye wazee wake wamepita katika majaribu hayo kizazi baada ya kizazi ana angalau urithi wa kujitetea. Kumdharau huyu na kumtukuza yule ni kutupa jembe shambani na kwenda kununua upanga wa kupaliliwa mahindi.

Lau dharau hii ingeishia katika maneno, ingeweza kuvumiliwa. Lakini jina huongoza mkono. Mbwa wa kizungu hujengewa banda, hupewa jina, hupelekwa kuchanjwa. Mbwa shenzi hupewa jiwe. Kichaa cha mbwa, hata hivyo, hakiulizi ukoo. Kwa makadirio ya wataalamu, ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote katika Asia na Afrika, na watoto ni miongoni mwa wanaoathirika zaidi. Dawa ya kuuzuia inajulikana: mbwa wapatao 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Sasa, hao 70 watatoka wapi kama si miongoni mwa hao waitwao shenzi, ambao ndio wengi vijijini? Mtu hampeleki kwenye chanjo mnyama ambaye hata kumkiri kuwa ni wake anaona haya. Na mtoto akiumwa na mbwa huyo, akakosa kuoshwa jeraha kwa maji mengi na sabuni na kufikishwa hospitali kwa haraka, tusi lililotupiwa mbwa huwa limemwangukia mtoto.

Wahenga walisema kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Utumwa wa namna hii hauna minyororo. Una msamiati tu. Kuuvunja hakuhitaji fedha za kigeni wala daftari la London. Kunahitaji mwenye mbwa amwite mbwa wake kwa jina, amwekee maji, na siku ya chanjo itangazwapo amfunge kamba na kwenda naye njiani mchana, watu wakimwona. Ushenzi, kama upo, haukupata kukaa katika mkia uliopinda. Ulikaa katika ulimi.