Miaka saba kabla ya Ilboru

Tunasikia sana habari za shule za sekondari za vipaji maalumu hapa Tanzania: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala. Lakini mtoto hafiki huko mpaka amalize shule ya msingi. Miaka yote ya kabla ya hapo anakaa na sisi, walimu wa shule za kawaida, kwenye dawati la watoto watatu.

Niliwahi kufundisha hesabu darasa la nne, watoto 82. Mmoja alikuwa akimaliza zoezi la sehemu kabla sijaweka chaki chini. Kisha anageuza daftari, anaanzia nyuma, anajitungia maswali yake: namba kubwa kubwa, anazigawanya mpaka ukurasa unajaa. Mimi niliona anachafua daftari. Nikamchapa. Baadaye nikampa kazi ya kuwasahihishia wenzake, nikidhani namsaidia, kumbe najipunguzia mzigo. Wenzake wakamtenga. Mwaka uliofuata alikuwa akikosea makusudi, hata kujumlisha. Linaniuma hadi leo.

Wanaosema arushwe darasa nawaelewa, ila mtoto wa miaka tisa akiwekwa na wa miaka kumi na miwili anaweza kupata upweke mwingine. Huyu wangu alihitaji kitabu cha hesabu cha darasa la sita, na dakika zangu kumi kila Ijumaa kumwuliza amefikia wapi. Kitabu kilikuwepo, kabatini, ofisini kwa mwalimu mkuu.