Mwalimu Mstaafu na Sindano ya Baridi Yabisi

Vidole vilivyoshika chaki kwa miaka 33 sasa haviwezi kufunga kifungo cha shati hadi jua lipande. Maradhi haya huitwa baridi yabisi, na aina niliyo nayo si ile ya uchakavu wa magoti uzeeni. Ni kinga ya mwili inayoasi na kuvishambulia viungo vyake yenyewe. Kwa miaka mingi nilimeza tembe za methotrexate, mara moja tu kwa juma, na bei yake haikunitisha. Ziliposhindwa, daktari aliniandikia sindano za adalimumab. Nilikuwa kazini bado, na bima ya mwajiri ikalipa.

Nilipotimiza miaka 60 nilistaafu, na bima hiyo ikakoma. Nikajiandikisha katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Nikatoa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, kama atakiwavyo asiye na mshahara. Katika dirisha la dawa la hospitali moja ya umma, kijana akaniambia kwa adabu, “Mwalimu, hii itabidi uinunue nje.” Huko nje, dozi ya mwezi yaizidi pensheni yangu ya mwezi.

Sisemi kwamba mpango huu ni mbaya. La hasha! Katika NHIF mwenye mshahara mnono hakukatwa zaidi ya shilingi 1,700 kwa mwezi. Leo kila mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, na huo ndio usawa. Lakini hebu tazameni namna mafao yalivyopangwa. Mgonjwa wa saratani ametengewa kiwango chake. Wa figo hulipiwa kusafishwa damu. Nao wanastahili. Baridi yabisi haimlazi mtu kitandani wala haimwui upesi, kwa hiyo haina mtetezi. Humnyang’anya tu kalamu, jembe na mwiko. Na kiungo kikishaliwa hakirudi. Anayekosa dawa leo atahitaji goti la bandia kesho, nalo si la bei nafuu.

Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za jamii hii katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka wa 2019. Hataza ya adalimumab barani Ulaya ilikwisha 2018, na tangu hapo viwanda vingine hutengeneza dawa mfano wake kwa bei ya chini. Mnunuzi mmoja mwenye mamilioni ya wanachama hujadiliana na viwanda hivyo kwa nguvu ambayo mimi sina. Mbona basi niachwe kununua peke yangu, tena kwa bei ya rejareja?

Walimu walio kazini nao walihamishiwa SHA mwezi wa Desemba 2025. KNUT na KUPPET vidai orodha ya dawa hizi kwa majina, pamoja na kiwango kitakacholipwa kwa mwaka, nao wastaafu wasisahauliwe. Mimi nimerudia tembe zangu za kila juma. Makala haya ameyaandika mjukuu wangu, kwa imla yangu.